Safu ya Tatu ya Daftari la Chanjo

Nimestaafu nikiwa na umri wa miaka kumi na minane na wiki mbili. Utumishi wangu wote ulidumu wiki saba: ulianza tulipomaliza mtihani wa kidato cha nne tukawa tunangoja matokeo, ukaisha siku Mama Neema aliponitoa kalamu mkononi na kusema, "Haya Kabula, chanjo imekwisha, nenda kapumzike." Wengine wakistaafu hupewa saa ya ukutani. Mimi nilipewa buti za mpira, na ya kushoto ina tobo.

Naandika nikiwa Nyasubi kwa shangazi, kwenye kona ambayo hakuna mtu wa kunisemesha, na ndivyo ninavyopenda. Nawaandikia ninyi mtakaoshika daftari lile baada yangu. Mapele ngozi ya ng'ombe si ugonjwa wa kuchanja mara moja ukasahau. Chanjo hurudi, na ikirudi hutafutwa mtoto wa kidato cha nne mwenye mwandiko mzuri asiye na la kufanya. Vyeo sitavieleza, maana kilikuwa kimoja, nilianza nacho nikamaliza nacho. Kuhusu posho nitanyamaza, kwa heshima ya marehemu.

Kazi sikuiomba mimi, aliiomba mama. Alimkuta Mama Neema, afisa mifugo wa kata yetu, kwenye josho akiwafokea watu, akamwambia, "Daktari, nina binti nyumbani. Haongei, lakini anaandika."

"Huyo huyo," akasema Mama Neema. "Wanaoongea ninao wa kutosha."

Mama Neema si mtu wa kwetu, kwao ni Same. Ni mfupi, ana sauti ya kengele ya shule, na anaendesha pikipiki kama mtu anayekimbizwa na nyuki. Mbele yake watu walimwita Daktari, akigeuka walimwita Mama Sindano. Siku ya kwanza alinipakia nyuma, akanipakatisha boksi la barafu lenye chanjo, halafu akanifundisha ugonjwa wote kabla hatujafika barabara kubwa.

"Ni virusi, vinasambazwa na mbu na nzi," alipiga kelele upepo ukimkata maneno. "Ng'ombe anapata homa, anatoa machozi, maziwa yanakauka. Halafu ngozi inatoka vinundu mwili mzima, kama mtu kamshindilia maharage chini ya ngozi. Dawa ya kuua virusi hakuna. Ukishamwona anaumwa umechelewa, unamtunza tu na kumwombea. Kwa hiyo tunachanja kabla, na tunazuia ng'ombe kuhamahama. Umeelewa?"

Niliitikia kwa kichwa. Yeye alikuwa anaangalia mbele, hakukiona, na mimi sikurudia kwa mdomo. Huo ndio ulikuwa mwanzo wa mawasiliano yetu kazini.

Siku hiyo nilikanyaga kinyesi mara nyingi kuliko nilivyokanyaga ardhi. Dume moja lilinipiga usoni kwa mkia wenye mavi, na kwa kuwa nilikuwa nimeuma kalamu, sitaeleza zaidi. Lakini ng'ombe hawakunishinda. Walionishinda ni watu. Mzee wa kwanza alipofika kwenye kibanio, yaani ule uchochoro wa magogo tunaopitishia ng'ombe mmoja mmoja, nilipaswa kumwuliza jina. Sikuweza. Nikaandika: Mzee mwenye kofia.

Jioni Mama Neema akasoma. "Kabula, katika kata hii wazee wenye kofia ni wangapi?"

"Wote."

"Basi kesho uulize."

Nikauliza, kwa sauti ambayo ng'ombe waliisikia kuliko wazee.

Sasa vifaa, maana hivyo mtavirithi. Kuna boksi la barafu, usilikalie. Kuna bastola ya chanjo, ambayo ni sindano yenye kishikio, inachoma chini ya ngozi ya shingo na kujijaza yenyewe. Isipojijaza, Mama Neema huitukana kwa Kipare, nayo hujaza. Chanjo ni unga. Ukishachanganywa na maji yake una saa chache tu, na jua likiipata umewachoma ng'ombe maji. Kila zizi lina sindano yake mpya. Na ng'ombe wageni, waliotoka kwingine karibuni, hawaingii na wenzao: wanatengwa, wanatazamwa siku kadhaa, wakichanjwa wanachanjwa mwisho na kwa sindano yao. Mama Neema alilirudia hili kila asubuhi mpaka nikawa naliota. "Mgeni anaweza kuwa nao ugonjwa na haujatoka. Sindano ikitoka kwake ikaingia kwa mwenzake, wewe ndiye mbu."

Kifaa cha mwisho ni daftari. Lina safu nne. Ya kwanza ni jina la mwenye ng'ombe, ya pili idadi, ya tatu imeandikwa MAHALI, ya nne maelezo. Mimi niliuliza (mnaona, nilishaanza kuuliza) mahali gani.

"Walikotoka," akasema Mama Neema. "Wa hapa hapa, weka alama ya vema. Wa kuja, andika jina la huko."

Neno lile liliandikwa na mtu wa ofisini ambaye hajawahi kumsikia Msukuma akiongea Kiswahili.

Hapa lazima niseme kuhusu ulimi wangu. Nyumbani tunaongea Kisukuma, na Kiswahili tunakiongea kwa mdomo ule ule. Herufi R kwangu huja ikitaka yenyewe. Darasa la tano niliomba "lula" ya kupigia mstari, darasa zima likaanguka, na mpaka namaliza la saba niliitwa Lula. Ndiyo maana napenda kuandika. Kwenye karatasi R na L zinakaa nilipoziweka, hakuna anayecheka. Nilijichunga mpaka nikawa nasahihisha pasipo kosa: kwenye insha moja ya kidato cha pili niliandika kwamba babu alikuwa "amerara". Mwalimu alizungushia duara jekundu kubwa la kutosha kulaza ng'ombe.

Wiki nne za kwanza zilikwenda vizuri, ukiacha kesi ngumu ndogo ndogo. Kuna mwenyeji mmoja wa upande wa Kolandoto aliyetaka achomwe yeye kwanza ndipo aamini. Mama Neema akamwambia ainame. Akaamini bila kuinama. Na kuna suala la idadi, ambalo nyie wa kwetu mnalijua: mtu mwenye ng'ombe wake hapendi wahesabiwe kwa sauti wala kwa kidole. Mwenye zizi lililojaa mpaka magogo yanalia atakwambia, "Ah, tuvijing'ombe tu." Nikajifunza kuhesabu mikia huku nikijifanya natazama mawingu. Kwa mtu mwenye aibu hii ni kazi nyepesi, tumezoea kutomtazama mtu usoni.

Wiki ya tano tulifika kwa Mzee Luhende, mwenye zizi kubwa kuliko yote ya kitongoji kile. Tayari kulikuwa na karantini: upande wa Geita ugonjwa ulishatoka, na ng'ombe hawakuruhusiwa kusafirishwa bila kibali. Mzee alitupokea vizuri. Kwa kuwa Mama Neema ni mgeni, aliongea Kiswahili muda wote, kwa heshima na kwa jasho.

"Shikamoo babu," nikamwambia.

"Malahaba, ng'wanone, mwanangu. Andika, andika."

Nikaandika. Akaleta kwanza kundi dogo la ng'ombe kumi na wawili, wanono, wenye pembe zilizopakwa mafuta. Mama Neema alikuwa anachanganya dawa kivulini. Mzee akanisogelea, akashusha sauti kama mtu anayetubu kanisani.

"Hawa ni wa mahali," akasema.

Nikatazama safu ya tatu. MAHALI. Nikaweka alama ya vema.

Mtu wa Same angeuliza, mahali gani? Mtu wa Dodoma angeuliza. Mimi sikuuliza, kwa sababu mimi na mzee tuna ulimi mmoja, na sikio langu halikukwaruzwa na chochote. Wa mahali, wa hapa. Tena nilifurahi kwamba kwa mara ya kwanza mtu amejibu safu ya tatu kabla hajaulizwa.

Mama Neema akaja na bastola. "Kabula, kuna wageni?"

"Hapana."

Ndilo neno nililolisema kwa sauti kuliko yote katika utumishi wangu. Wale kumi na wawili wakaingia kwenye kibanio wa kwanza, na nyuma yao zizi zima, kwa sindano ile ile.

Siku ya tisa habari zikaja. Kwa Mzee Luhende ng'ombe wametoka vinundu. Siku ya kumi na moja wakawa wengi zaidi. Siku ya kumi na mbili tukaenda kitongoji kilichofuata, tukakuta kibanio kitupu. Watu walikuwa wameswaga ng'ombe porini. Mama mmoja alitupigia kelele kutoka mlangoni: "Mama Sindano, hayo mapele yako kawachome kwenu!"

Mama Neema alizima pikipiki. Halafu akaanza kujihukumu. Barafu ilikuwepo? Ilikuwepo. Saa zilipita? Hazikupita. "Labda nimeua ng'ombe wa watu," akasema. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa ameshaitisha mkutano wa Jumamosi, na ajenda ilikuwa moja: aondoke na maboksi yake.

Mjue pia kwamba zizi la mama yangu lilikuwa kwenye orodha ya wiki ile. Mama ana ng'ombe watatu. Mmoja anaitwa Ada, na hakupewa jina hilo kwa uzuri wa macho. Ndiye angeuzwa nikifaulu kwenda kidato cha tano. Chanjo ikifukuzwa, Ada angebaki na mbu wake.

Ijumaa Mama Neema alirudi kwa Mzee Luhende kuwatibu wagonjwa vidonda, kwani hilo angalau linawezekana. Nilimshikia ndoo. Aliyetuletea maji ni Minza, binti wa mzee, tuliyesoma naye shule ya msingi. Alinikalia pembeni kwenye gogo.

"Lula," akasema, na kwake sikuudhika, "unaona mkosi wangu? Wanaoumwa vibaya kuliko wote ni ng'ombe zangu."

"Zako? Tangu lini una ng'ombe?"

"Tangu Shija awalete. Huna habari? Wewe unaishi kwenye chungu? Wale kumi na wawili ni wa mahali yangu."

Moyo ukapiga mara moja, ukasimama kuangalia kama nimesikia.

"Wa nini?"

"Mahali. Ma-ha-li."

"Minza, andika."

"Niandike nini, umechanganyikiwa?"

"Andika chini."

Akanicheka, akaokota kijiti, akaandika kwenye vumbi kwa herufi kubwa alizofundishwa na mwalimu yule yule aliyenifundisha mimi: MAHARI.

Nililitazama neno lile mpaka kuku alipolikanyaga. Shija, mchumba wake, ni mchimbaji wa Mwakitolyo. Duara lake, yaani shimo lake, lilikuwa limetema, akapata dhahabu, akanunua ng'ombe mnadani upande wa Geita, akawaleta kwa lori kumtolea Minza mahari. Wamefika siku nne kabla ya sisi. Bila kibali. Na mzee aliniambia. Aliniambia ukweli mtupu, kwa sauti ya chini, kwa ulimi wangu mwenyewe.

Nikamwendea Mama Neema, mikono yake imejaa usaha na dawa ya bluu. Nikasema yote. Sijui nilisemaje, najua tu kwamba nilitazama buti zake.

Nikangoja matusi, hata ya Kipare.

"Kumbe chanjo ilikuwa nzima," akasema mwisho, kama anajiambia. Halafu akanigeukia. "Na mimi sindano nilipaswa kuibadilisha tu, hata ungesema nini. Lakini sikubadilisha. Haya. Kesho utasimama useme."

"Sema wewe, mama. Tafadhali."

"Nikisema mimi wataona najitetea. Atakayesema ni aliyeandika."

Mkutano ulifanyika kwenye darasa la pili la shule ya msingi. Wazee wote wenye kofia walikuwa wamekaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa masikio, jambo lililonipa nguvu kidogo. Mzee Luhende alikuwa mbele. Shija alisimama dirishani na miwani ya jua, humo humo darasani. Mwenyekiti akafungua: "Tulikuwa na ng'ombe wazima. Ikaja sindano. Yakaja mapele. Mwenye akili aongeze nini?"

Wakapiga makofi. Mama Neema akasema neno moja tu: "Karani wangu ana maelezo."

Nikasimama. Nikafungua daftari, nikasema, "Siku ile mzee aliniambia wale kumi na wawili ni wa mahali. Nami nikaandika wa mahali. Kumbe wale ni wa mahali."

Mtu wa nyuma akadakia: "Sasa binti, kosa liko wapi?"

Darasa likacheka. "Wa mahali, akaandika wa mahali!" "Huyo ndiye karani?" "Rudi, Lula, ukapige mstari!" Nikaivuta ile R kutoka tumboni. Nikaiita mbele ya watu wote. "Maha... mahal..." Ikagoma, kama bastola isiyojijaza. Nilimwona mama mlangoni ameziba mdomo kwa kanga. Nilimwona Mama Neema. Hakucheka, hakunisaidia, alitazama tu mikono yake iliyobaki na rangi ya bluu.

Nikaacha Kiswahili.

"Bukwi!" nikasema kwa Kisukuma. "Wale ng'ombe ni wa bukwi!"

Hapo hakuna aliyehitaji R. Kwetu bukwi ni bukwi, ng'ombe wanaotoka zizi la mwanamume kwenda kwa baba wa binti, na ng'ombe wa bukwi hawawezi kuwa wa hapa hapa, labda mtu ajioze mwenyewe. Kicheko kilikatika. Vichwa vyote vikamgeukia Mzee Luhende.

Mzee akainuka na dawati likainuka naye, maana lilikuwa limemkaba. "Nilimwambia!" akafoka. "Mimi si mwongo! Nilimwambia huyu mtoto kwa Kiswahili kabisa! Kama hajui Kiswahili ni shauri yake!"

"Kwa hiyo ni kweli?" akauliza mwenyekiti. "Wametoka nje, na karantini ipo?"

Mzee akagundua alichokisema, akatafuta pa kukaa, dawati likakataa. Vichwa vikahamia dirishani.

Shija akavua miwani. "Mimi nilileta ng'ombe wazima," akasema. "Tena kwa lori, kama maharusi. Waliumwa kidogo tu njiani."

"Kidogo vipi?"

"Machozi tu."

Nadhani hata kofia zilisikika zikivuliwa. Mama Neema akasimama sasa, akaeleza taratibu: ng'ombe waliingia na ugonjwa tayari, hakuna chanjo inayomkinga aliyekwisha kuambukizwa, na sindano ile moja, pamoja na nzi, ilisambaza. "Hilo la sindano ni langu," akasema. "Na la daftari ni letu." Sikutarajia hilo *letu*. Nililiandika siku ile jioni kwenye daftari langu la siri na kulipigia mstari, bila rula.

Sitaki mdhani mambo yalikwisha vizuri. Kwa Mzee Luhende walikufa wanne, wawili wa mahari na wawili wake, mmoja akiwa dume lake la kujivunia. Waliopona wana ngozi yenye makovu ambayo hakuna mnunuzi wa ngozi atakayeigusa. Nilikwenda kumwomba radhi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Na mimi nilipaswa kusema kwa sauti," kisha akanipa maziwa ya mgando, tukanywa. Harusi ya Minza ilisogezwa, kwani mahari haikuruhusiwa kuendelea wala kurudishwa. Anasema yeye ndiye bibi harusi pekee nchini aliyewekwa karantini.

Jumatatu baada ya mkutano ng'ombe walirudi kutoka porini. Tulichanja vitongoji vyote vilivyobaki, sindano mpya kwa kila ng'ombe, Mama Neema hakutaka tena kusikia habari ya kila zizi. Ada alivimba kidogo shingoni, kama ilivyo kawaida, na hakuacha kula hata dakika. Matokeo ya mtihani bado. Tunangoja wote wawili, mimi na yeye, na nadhani yeye anaomba nifeli.

Siku ya mwisho kabla ya kunitoa kalamu Mama Neema alinipa nyekundu. Nikakaa kwenye boksi la barafu (lilikuwa tupu) na kupitia kurasa zote za daftari zilizobaki wazi. Kwa hiyo mtakapolifungua mtakuta kwenye safu ya tatu neno MAHALI limekatwa, na juu yake kumeandikwa WAMETOKA WAPI? Mwandiko ni wangu. Ndicho nilichoiachia idara katika wiki saba.

Ulizeni kama ilivyoandikwa. Mtu akijibu, mwambieni arudie. Na kama una aibu kama mimi, mpe kijiti aandike chini.